Stenlesi inapasuka huku inang'aa: tulichokosea kwenye kukunja baridi na kupiga moto

#1 Mkunja Mabomba

Wakuu, uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka aruke hadi kwenye bomba la pili, maana hapo ndipo nilipokosea kwa kujiamini.

Kazi ilikuwa mabomba ya maji ya moto, nyuzi 80 hivi. Stenlesi 304, ukuta milimita 2, yamekunjwa herufi U kwa mashine bila moto, kisha yakavishwa sufu ya kuzuia joto. Mwezi wa kumi na moja, bomba moja likaanza kudondosha. Nikavua sufu nikitegemea kukuta kutu. Hakuna. Bomba linang'aa, ungeweza kujitazama usoni. Nikalifuta kwa kitambaa, nikasubiri, tone likachomoza palepale: upande wa ndani wa kona, kwenye mstari mwembamba kuliko unywele. Nikapuliza rangi nyekundu ya kupenya, nikaifuta, nikapuliza unga mweupe juu yake. Baada ya dakika kumi ikajichora picha kama mizizi ya mti. Shina moja, matawi yanagawanyika hovyo kila upande.

Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ya kromi. Kuanzia asilimia 10.5 chuma hujivika utando wa oksidi wa nanomita chache tu, na ukiukwaruza unajiziba wenyewe. 304 ina kromi asilimia 18 na nikeli 8. Adui wa utando huo ni kloridi, chumvi hii hii tunayoijua. Chuma kikiwa kinavutwa, kina joto, na chumvi ipo, utando unapasuka sehemu ndogo na hauwahi kujiziba vizuri. Ufa unaingia, unavutwa, unapasuka tena mbele. Ni mafiga matatu: chuma chenye udhaifu huo, mkazo wa kuvuta, na mazingira. Figa moja likitoka chungu hakikai.

Chumvi niliipata upesi. Sufu ilikuwa inapata unyevu kutoka juu. Maji yenye kloridi kidogo tu yakigusa bomba la moto yanakauka, chumvi inabaki, yanakuja mengine, yanakauka. Baada ya miezi kadhaa pale kwenye ngozi ya bomba kuna maji ya chumvi makali kuliko ya bahari, wakati maji yaliyoingia mwanzoni ungeyanywa.

Kilichonisumbua ni mkazo. Presha ya maji ilikuwa ndogo mno kupasua kitu. Ikabidi nikubali kwamba mkazo tuliuweka sisi wenyewe siku ya kukunja.

304 iliyotoka kiwandani ikiwa imelainishwa inaanza kukunjika bila kujirudi kwenye mkazo wa megapaskali 205 na kuendelea. Ukiifua baridi vya kutosha inavuka 1,000. Watu husikia hivyo wakafurahi, wanaona chuma kimepata nguvu. Ni kweli kimepata. Lakini mkazo unaobaki ndani ya chuma hauwezi kuzidi ule ambao chuma chenyewe kinaanza kukubali, kwa hiyo ukikiongezea nguvu kwa kukifua umekijengea pia ghala kubwa zaidi la kuweka mkazo. Na ghala hilo siku ya kukunja unalijaza.

Na kwa nini upande wa ndani wa kona, wakati nje ndiko kulikovutwa? Hili lilinichukua siku mbili. Wakati wa kukunja, nje inavutwa na ndani inabanwa. Ukiachia mashine, bomba linajirudisha kidogo, na huko kujirudisha kunageuza mambo: ngozi ya nje inabaki imebanwa, ya ndani inabaki inavutwa. Ila ukikunja kisha ukalizuia lisijirudi, mfano umelilazimisha kwa bolti likae kwenye nafasi yake, ngozi ya nje inabaki inavutwa. Maabara hutumia ujanja huo huo kupima: wanakunja kipande herufi U, wanakibana miguu kwa bolti, wanakitumbukiza kwenye chumvi.

Sasa bomba la pili. Nilijisemea: kama kosa ni kukunja baridi, basi tukunje kwa moto. Fundi akawasha gesi, akaipiga kona hadi ikawa nyekundu ya damu, tukaikunja taratibu bila haraka, tukaiacha ipoe yenyewe kwenye hewa. Ilikunjika laini kabisa, nikajisifu. Bomba hilo halikumaliza hata miezi mitano.

Safari hii ufa ulikuwa na sura nyingine. Hakukuwa na mizizi. Tulipokata na kung'arisha kipande tukakitazama kwa hadubini, ufa ulikuwa unatembea kwenye mipaka ya chembe za chuma, kama ukuta wa mawe uliotobolewa chokaa yote na mawe yakabaki mazima.

Kilichotokea ni hiki. Ukiiweka 304 kati ya nyuzi 425 na 815 hivi kwa muda, kaboni iliyotawanyika ndani yake inakimbilia kwenye mipaka ya chembe, inashikana na kromi, zinatengeneza kabidi. Kromi ya kutengenezea kabidi hizo inachotwa jirani, pembeni mwa mpaka. Ukanda mwembamba unabaki na kromi chini ya asilimia 12, mahali pengine chini hata ya ile 10.5, na hapo si stenlesi tena ingawa jina bado ni 304. Mtafiti wa vyuma Bain na wenzake walilieleza hili mwaka 1933, sisi bado tunashangaa. Nyekundu ya damu ya fundi wangu ilikuwa kama nyuzi 700, katikati kabisa ya eneo baya, na kupoa kwenye hewa kukaongezea muda.

La tatu tulikunja baridi, tukaliingiza lote kwenye tanuri la nyuzi 1,050 hadi likaiva kote, likatoka moja kwa moja kwenye maji. Joto hilo linayeyusha kabidi zirudi ndani ya chuma, linafuta mkazo wote, chembe zinajipanga upya. Kuzamisha majini ni kuvuka lile eneo baya kwa kasi ili kaboni isipate nafasi. Tukalisafisha kwa asidi kuondoa ule weusi, maana chini ya magamba ya moto kuna ngozi iliyopungukiwa kromi. Lipo kazini mwaka wa tatu sasa. Nikiri lakini kwamba tuliziba pia njia ya unyevu, kwa hiyo sitaki kulipa tanuri sifa zote.

Karibuni. Msinihurumie.

#2 Grainda Mzee

Mkuu umeshusha nondo, na kwa uzi wa chuma nondo ni mahali pake. Ila mimi naona umezunguka mbuyu. Ungenunua 316 mambo yakaisha. Mimi nikipata kesi ya chumvi natia 316, sina mjadala.

#3 Mkunja Mabomba

Mzee wangu Grainda, nilidhani hivyo pia. 316 ina molibdeni asilimia 2 na kidogo, na inasaidia kweli dhidi ya vishimo. Kwa kuwa ufa mara nyingi huanzia kwenye kishimo, unanunua muda. Lakini ikiwa na mkazo, joto na kloridi inapasuka tu.

Jambo linaloshangaza ni kwamba nikeli, ile tunayoilipia, ndiyo inayoiweka hapo. Mtafiti mmoja, Copson, alipima nyaya zenye nikeli tofauti kwenye magnesi kloridi inayochemka, na zilizopasuka upesi kuliko zote ni zile za karibu asilimia 8. Yaani 304 imekaa shimoni kabisa, pabaya kuliko pote. Ukipanda hadi nikeli asilimia 40 na kitu unatoka shimoni, ila hiyo ni aloi ya tabaka lingine. Ukishuka hadi nikeli karibu na sifuri, zile stenlesi za feriti (muundo mwingine wa chuma, unaoshika sumaku) kama 430 na 444, unatoka pia. Chuma cha bei ya chini kinaishi pale kilipofia cha bei kubwa. Dupleksi, zile zenye muundo wa mseto, kama 2205 zimekaa katikati na kwa maji ya moto zinafanya vizuri kuliko 316.

#4 Binti Fundi

Habari wakuu. Mimi nipo maabara, kazi yangu ni kukata na kung'arisha vilivyovunjika vya wenzenu. Mleta uzi kaeleza vizuri, naongeza mawili.

Moja, bomba la pili lisingekufa vile kama lingekuwa 304L. Ile L ni kaboni isiyozidi asilimia 0.03, wakati 304 ya kawaida huruhusiwa hadi 0.07 au 0.08 kutegemea kiwango. Kaboni ikiwa haba hakuna cha kuiba kromi, labda ukae kwenye moto saa nyingi. Njia nyingine ni 321 yenye titani au 347 yenye niobi. Hizo zinaishika kaboni kabla kromi haijaguswa. Na mkitaka kujua kama kipande kimeharibika kwa moto hamhitaji kusubiri kivuje. Tunakichoma kwa umeme kwenye asidi ya oksaliki asilimia 10, ampea 1 kwa kila sentimita ya mraba, sekunde 90, kisha hadubini. Kizima huonyesha mipaka kama ngazi, chembe moja juu kidogo ya nyingine. Kilichoharibika huonyesha mitaro, na mtaro ukizunguka chembe nzima najua nitaandika barua mbaya.

Pili, na hapa ndipo baridi na moto vinapokutana. Ukiifua 304 baridi, sehemu ya muundo wake wa kawaida, austenaiti isiyoshika sumaku, inageuka martensaiti, muundo mgumu unaoshika sumaku. Weka sumaku kwenye kona iliyokunjwa utaihisi ikishika, wakati sehemu iliyonyooka inateleza. Sasa martensaiti hiyo ukiipasha moto, kaboni na kromi zinatembea ndani yake kwa kasi kuliko ndani ya austenaiti. Kwa hiyo chuma kilichofuliwa baridi kisha kikapashwa, tuseme nyuzi 500, kinaweza kuharibika kwa muda na joto ambavyo kile kilicholainishwa kingevumilia. Mtu anakunja baridi, halafu anachomelea karibu na kona. Amefanya yote mawili kwa mpangilio ulio mbaya kuliko yote.

Tena msidhani L inamaliza kesi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Japani walikuta nyufa kwenye vyombo vya ndani vya mitambo ya nyuklia, vimetengenezwa kwa 316L, kaboni haba, mipaka ya chembe safi. Chanzo kilikuwa ngozi ya juu iliyofanywa ngumu kwa kuchongwa na kusagwa. Tabaka jembamba sana, ila ufa ulianzia hapo, na ulipopata nafasi ukaingia ndani ambako mkazo wa weldi ulikuwa unausubiri.

#5 Nyundo Baridi

Dada umenitisha. Sisi karakana yetu ina utaratibu ulioandikwa: kila kilichokunjwa au kuchomelewa kinaingia tanuri nyuzi 620, saa moja kwa kila inchi ya unene, kinapoa polepole ndani. Ni ule ule tunaotumia kwa chuma cha kawaida. Tumekuwa tukiweka na stenlesi humo humo ili kuokoa gesi. Tumekosea?

#6 Binti Fundi

Kaka yangu, kwa 304 ya kawaida ndiyo, mmekuwa mkiipika kwenye moto wa kuiharibu, kisha mnaipoza polepole ili ipate muda zaidi. Kwa L hasara ni ndogo, lakini faida nayo ni ndogo, maana chuma hiki hakiachii mkazo kirahisi kama kile cha kawaida. Chini ya nyuzi 425 unapunguza kilele cha mkazo tu, kiasi kikubwa kinabaki. Ukitaka uondoke kweli ni 900 hivi kwa L na zile zenye titani au niobi, au 1,050 na maji kwa yoyote. Hapo katikati ni eneo la kupita ukikimbia. Na ukitumia 1,050 jiandae, vitu vinapinda kwenye tanuri na vinapinda tena vikiingia majini. Kitu cha ukuta mwembamba chenye vipimo vikali kinaweza kurudi kwako kikiwa mali ya skrepa.

Kuna kisa cha zamani kinachopotosha watu. Jeshi la Waingereza huko India, karne ya 19, maganda ya risasi ya brasi yalikuwa yanajipasua ghalani majira ya mvua. Yalitengenezwa kwa kuvutwa baridi, mkazo ukabaki ndani, na amonia kutoka kwenye mazizi ya farasi ikafanya kazi yake. Dawa ilikuwa kuyapasha moto wa wastani baada ya kuyavuta, mkazo ukaondoka, ugumu ukabaki. Rahisi na safi. Stenlesi haina moto wa wastani wa namna hiyo.

#7 Maji Chumvi

Nasimamia mabwawa ya kuogelea, na kuna sheria ya mdomo naisikia kila siku: chini ya nyuzi 60 stenlesi haipasuki. Kwa maji ya kawaida inafanya kazi mara nyingi. Kwa hewa ya juu ya bwawa lililofunikwa, sahauni.

Uster, Uswisi, Mei 1985. Dari la zege la bwawa lilikuwa limening'inizwa kwa vyuma vya stenlesi. Likaanguka, watu 12 wakafa. Bwawa lenyewe lilikuwa na miaka 13 tu. Joto la hewa kwenye majengo hayo ni kama nyuzi 30. Klorini ya bwawa inatoa mvuke wenye misombo mikali, unatua kwenye chuma juu kule ambako hakuna maji ya kuuosha wala mtu wa kuufuta. Tangu nisome kisa hicho, chochote kinachobeba mzigo juu ya bwawa nakiuliza ni aloi gani, na jibu la "stenlesi" silikubali kama jibu.

#8 Grainda Mzee

Haya, nimerudi, na 316 yangu nimeiweka mfukoni kwanza. Naomba kuuliza bila kuchekwa. Nimesoma mahali kwamba watu wanaipiga stenlesi kwa vishanga vya chuma au kioo makusudi ili isipasuke. Hiyo si kufua baridi? Nyundo ni adui au rafiki?

#9 Mkunja Mabomba

Mzee, swali hili ndilo zuri kuliko yote humu, sikucheki.

Ni kufua baridi, kabisa. Ngozi inakuwa ngumu, martensaiti inaweza kutokea. Tofauti ni upande wa mkazo. Kishanga kikigonga kinataka kuitandaza ngozi, chuma cha chini yake kinakataa, kwa hiyo ngozi inabaki imebanwa. Ufa hauanzi penye kubanwa. Lakini ngozi hiyo iliyobanwa ni ya sehemu ndogo ya milimita. Kukitokea kishimo cha kutu kikaitoboa, kinachokutana nacho chini ni mkazo wa kuvuta, maana kila kinachobanwa juu lazima kilipiwe na kinachovutwa chini. Ndiyo maana wanaogonga hugonga kwa kipimo, uso wote, bila kuruka mahali, na kwa vishanga visivyoacha vumbi la chuma cha kawaida kwenye stenlesi.

Grainda yako yenyewe inafanya kinyume. Inafua ngozi kwa kuikwangua na wakati huo huo inaichoma. Ngozi inapanuka kwa moto, inazuiwa, ikipoa inabaki inavutwa. Stenlesi inapanuka kwa joto karibu mara moja na nusu ya chuma cha kawaida na inapitisha joto kwa theluthi yake tu, kwa hiyo moto unakaa palepale ulipowekwa. Ukiona rangi ya dhahabu au buluu nyuma ya jiwe la grainda, jua umeacha kitu. Malizia kwa msasa laini, taratibu, kisha asidi.

#10 Nyundo Baridi

Na hizi shafti za stenlesi zinazoshika sumaku, 17-4? Tuna moja ilikatika kwenye pampu ya maji ya bahari, fundi aliyeitengeneza aliomba ugumu wa juu kabisa.

#11 Binti Fundi

Hiyo ni familia nyingine lakini kisa kinafanana. 17-4 inapata ugumu kwa kupashwa tena baada ya kupozwa kutoka moto mkali. Ukiipasha nyuzi 482 saa moja inafikia kilele, na ufa wa mkazo unaipenda hapo, hasa hidrojeni ikihusika, mfano imefungwa zinki ya kuilinda. Ukiipandisha hadi 621 saa nne inapoteza ugumu mwingi na inakuwa mvumilivu mara nyingi zaidi. Aliyeomba ugumu wa juu kwa maji ya bahari aliomba ufa. Wenzetu wa mafuta na gesi penye salfidi ya hidrojeni wameliandika kabisa kwenye kanuni zao: stenlesi za austenaiti ziwe zimelainishwa, ugumu usizidi 22 kwa kipimo cha Rockwell C, wala usiupate kwa kufua baridi.

#12 Nyundo Baridi

Nimerudi baada ya siku nne. Nilishindwa kulala, nikaomba ruhusa tuvue sufu kwenye mabomba yetu ya mvuke wa presha ya chini, yote yalikunjwa baridi kisha yakapita kwenye tanuri letu la 620. Kona tisa. Sumaku ilishika kwenye kona sita. Tukapuliza rangi kwenye zote tisa.

Saba safi. Mbili zina mistari, zote upande wa ndani wa kona kama mleta uzi alivyosema. Moja ina urefu wa ukucha, nyingine siwezi kuona mwisho wake, unaingia chini ya kibanio. Tumezima laini. Dada, hivi vipande nikivikata nivilete vikiwa vikavu, au kuna namna ya kuvitunza ili usipoteze kilichomo ndani ya ufa?

#13 Binti Fundi

Vikavu. Usivioshe, usivifute mafuta, usiusugue ufa hata kwa kidole. Kata mbali nao, msumeno wa mkono, si grainda. Funga kila kimoja kwenye mfuko wake na uandike upande upi ulikuwa juu.